Kitanda cha Mvule Ndani ya Jahazi

Samani ya kwanza tuliyoitoa chomboni ilikuwa kitanda. Kitanda chenyewe kizuri, cha mvule, futi nne kwa sita, fundi kakipiga msasa mpaka kinateleza. Mume wangu alikitia shetrini, nyuma ya chombo, kabla hata mashine haijafungwa, akasema nyumba ni kitanda, mengine mapambo. Siku ya tisa ya safari tulikishusha kisiwani Kwale, tukampa mzee aliyekuwa akituuzia mkaa, na usiku ule ndio wa kwanza niliopata usingizi tangu tuondoke Pemba.

Tumeishi baharini misimu mitano ya kaskazi, tukianza Disemba 2019 na kumaliza Mei 2024. Watu wakisikia huniuliza habari za papa na dhoruba. Hakuna anayeuliza maji ya kunywa tuliyaweka wapi, mtoto wa miaka miwili alichezea wapi, wala samaki na godoro vilikaaje tumbo moja. Na fedha zetu na machozi yangu viliishia huko huko.

Sisi ni watu wa Kojani, kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, nyumba zimebanana paa kwa paa, na riziki yote iko majini. Dago kwetu ni jadi. Kaskazi ikishika, wanaume hutweka tanga wakateremka na upepo mpaka Mafia, Kilwa, wengine mpaka Mtwara, wakapiga kambi za makuti ufukweni miezi mitatu minne. Kusi ikianza kuvuma wanarudi nayo. Wanawake wengi hubaki. Mimi nilibaki miaka kumi na moja. Watoto wangu wawili wa mwanzo walizaliwa baba yao yuko Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, na yule wa pili alipopakatwa na baba yake mara ya kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikasema basi. Ama dago iachwe, ama niwemo.

Mwenzangu naye alikuwa na hesabu zake. Kambi ya ufukweni ina ushuru wake na wezi wake, na kila siku unachoma mafuta kwenda mwambani na kurudi. Chombo kinacholala karibu na samaki hakichomi kitu. Tukauza boti yake ndogo, tukauza dhahabu yangu ya harusi, tukanunua jahazi kuukuu la futi 40 lililokuwa likibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji. Mbao zake nzima, mataruma mawili, zile mbavu zake, yameoza, kalafati ya kuziba nyufa yote ya kutiwa upya. Mkwe wangu hakupenda. Alisema chombo chenye jiko la mwanamke hakipati samaki. Sikumjibu, mkwe hajibiwi.

Kosa letu lilikuwa moja, ila lilitujia kwa sura nyingi: nyumba tuliipandisha juu ya chombo badala ya kuishusha ndani yake.

Jahazi la mizigo limeundwa libebe. Likiwa tupu huelea kama nazi. Wenyewe wa zamani, siku wasizokuwa na boriti, walitia mawe ya farumi, uzito wa kukituliza chombo, chini kabisa, kando ya mkuku. Sisi tukayatoa mawe ili tupate nafasi. Kisha juu ya sitaha tukajenga kibanda cha plaiwudi chenye dirisha, tukaweka simtanki la lita 500 nyuma ya mlingoti, kabati la vyombo, kile kitanda, na friza mbili mbovu za kutilia barafu. Nilifurahi sana. Nilitundika hata pazia.

Fundi mzee wa vyombo alikuja kutuaga. Hakusema neno. Alikanyaga ubavu wa jahazi kwa mguu mmoja, likainama, akautoa mguu akalitazama linavyorudi. Lilirudi taratibu, likapita upande wa pili, likasita, likarudi tena.

"Chombo kizima ukikisukuma kinakasirika, kinarudi upesi," akasema. "Hiki kinafikiri kwanza."

Mume wangu akacheka. Nami nikacheka.

Tulipofika rasi ya Nungwi hakuna aliyecheka. Pale mkondo unapanda kaskazini na upepo wa kaskazi unashuka kusini, vinakutana uso kwa uso, na mawimbi husimama wima, mafupi, moja mgongoni mwa jingine. Tangi lilikuwa nusu. Tangi lililojaa hutulia kama jiwe, na tupu halina neno, lakini tangi nusu ni mnyama aliyefungiwa. Jahazi likiinama kulia, lita 250 zote zinakimbilia kulia kulikandamiza zaidi. Likijiinua, zinakimbilia kushoto. Shemeji yangu alitambaa kwa magoti mpaka kwenye tangi, akafungua koki, na maji matamu yote yakamwagika baharini mbele ya macho yangu, mimi nimemfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili nimeshikilia mlingoti. Chombo kilitulia, si sana, lakini kiasi cha mtu kuweza kusali.

Mjini Unguja tuliliuza lile tangi, tukanunua madumu 40 ya lita 20, yale ya manjano ya mafuta ya kupikia. Tukayalaza chini kabisa, kati ya taruma na taruma, mahali pale pale yalipokuwa mawe. Kilo 800 za maji, na farumi imerudi bila ya kubeba hata jiwe moja. Tulikuwa watu sita: mume wangu, shemeji, mabaharia wawili, mimi na mtoto mdogo. Wale wakubwa wawili walikuwa skuli, wanakaa na bibi yao, wakitufuata likizo ya Disemba tu. Lita 5 kwa kila mtu, kunywa na kupika, ni lita 30 kwa siku. Kwa makaratasi ni siku 26. Mimi nilihesabu 20.

Dumu likiisha hatukuliacha tupu. Tulilijaza maji ya bahari ili uzito usipungue chini. Ubaya wake, dumu la chumvi na dumu la maji matamu hufanana kama mapacha. Alfajiri moja baharia wetu alichemsha chai kwa maji ya bahari, akaitia sukari na iliki, akaigawa kwa heshima kubwa, na mume wangu kwa usingizi alikuwa amekwisha meza nusu kikombe. Tangu siku hiyo kila dumu la chumvi lina kitambaa chekundu cha kanga kuukuu kwenye mpini, na chai napika mimi.

Kibanda cha plaiwudi kilidumu mpaka Kwale. Nanga ikiwa chini usiku, kilikamata upepo kama tanga: jahazi linakwenda kushoto mpaka amari, kamba ya nanga, inakaza, linageuka, linakwenda kulia, hivyo hivyo mpaka asubuhi, na nanga chini inajikokota. Ndani yake tulilala kwa upana wa chombo, kwa kuwa kitanda hakikuingia kwa namna nyingine. Likiinama huku damu inakujia kichwani, likiinama kule inakwenda miguuni. Mtoto alianguka mara mbili. Siku ile ya tisa nililivua pazia langu mwenyewe, nikalikunja, nikamwambia baba yao atafute mtu wa kumpa kitanda. Hakubisha. Nadhani mgongo wake ulikuwa umeshatangulia kubisha kwa niaba yake.

Baada ya hapo tulilala tumboni mwa jahazi, nyuma ya mlingoti, juu ya mbao zinazofunika madumu, mikeka na magodoro membamba ya sponji, vichwa omo, mbele, na miguu tezi, nyuma. Pale chini, karibu na katikati, chombo hakichezi sana. Pazia likapata kazi nyingine, kututenga sisi na mabaharia. Na sitahani, badala ya kibanda, tulishusha foromali, ule mti unaobeba tanga, tukalilaza turubai juu yake kama paa la hema, ncha zimefungwa kwa fundo la kuachia kwa mvuto mmoja. Sikujua wakati ule kwamba fundo hilo litakuja kuwa na thamani kuliko kibanda chenyewe.

Sasa samaki. Hapa ndipo nyumba na biashara zilipogombana kweli, kwa sababu zote mbili zilitaka mahali pamoja: chini, penye kivuli, pasipo na maji.

Tulivua kwa mishipi na wavu wa jarife. Nguru, kolekole, jodari wadogo, na siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kukupwa sana, changu na chewa wa mwambani. Mafia hatukusimama kuvua. Kuna hifadhi ya bahari tangu 1995 na mgeni haingii na nyavu zake hivi hivi. Tuliteremka mpaka Songo Songo, na kila mwaka tukaanza kwa kwenda kwa kamati ya kijiji na leseni zetu na barua ya sheha wetu. Wapo wanaoona aibu kupiga hodi baharini. Mimi nimeona nyavu za watu kama hao zikichomwa moto.

Nguru na jodari ndio wenye bei, na ndio wasiosamehe. Wakikaa kwenye joto saa chache tu, hata kabla hawajanuka, nyama hujitengenezea sumu ambayo hata ukaipika haitoki. Mlaji anawaka uso, anawashwa mwili, kichwa kinamgonga. Mnunuzi kutoka Dar analijua hilo vizuri. Anafunua shavu la samaki, anabonyeza tumbo, ananusa, kisha anataja bei huku anatazama pengine.

Friza mbovu za barafu utaziona pwani nzima, na kambini chini ya mnazi zinafaa. Juani, sitahani, mpira wa mlango umekwisha kuoza, barafu ya siku tano ilikuwa maji siku ya tatu. Hiyo ilikuwa hasara ya fedha. Hasara nyingine sikuitambua mara moja. Siku ya nne nilisikia harufu nikadhani panya amefia mahali. Tulipekua jahazi zima. Hakukuwa na panya. Maji ya barafu, pamoja na damu na magamba, yalikuwa yakipenya kwenye mbao za sitaha na kujikusanya ngamani, chini ya madumu, chini ya magodoro yetu. Ngama ilikuwa imeoza na sisi tumelala juu yake. Kanga zilinuka, mchele ndani ya gunia ulinuka, nywele za mtoto zilinuka. Siku mbili hatukuvua. Tulitoa madumu yote 40, tukafua maji kwa upo mpaka mikono ikachubuka, tukasugua taruma moja moja kwa maji ya bahari na sabuni ya unga. Shemeji, ambaye hana maneno mengi, alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini wanaume huwaacha wake zao nyumbani: wake wana pua.

Msimu wa pili tuliunda sanduku. Ile plaiwudi ya kibanda ndiyo iliyofanya kuta zake. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje tulijaza sponji nyeupe ngumu, ile inayokuja na friji mpya dukani, inchi nne pande zote na inchi sita chini, kisha ndani tukapaka faiba ili pasiwe na ufa wa kunywa maji. Milango iko juu, midogo miwili badala ya mmoja mkubwa, kwani baridi ni nzito. Ukifungua kwa juu inabaki imelala ndani, ukifungua kwa ubavuni inamwagika yote. Na maji ya barafu hayagusi ngama tena. Yanatoka kwa mpira uliopindwa kama shingo ya bata, ambapo maji kidogo hubaki kwenye kipindo na kuziba hewa ya moto isipande, yanaingia ndani ya dumu lililokatwa, na dumu linamwagwa baharini kila magharibi. Kazi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe akisahau halali mpaka aifanye.

Kabla ya kulipigilia tuligombana. Mume wangu alitaka sanduku lifike mpaka mlingotini. Kila inchi aliyoitaka ilikuwa inatoka kwetu. Maneno yalipokwisha nililala chini kwenye mbao, nikamlaza mtoto pembeni yangu, nikawaita na wale wawili wa skuli, maana ilikuwa likizo, wakajilaza upande wa pili, nikanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu, nikamwambia, "Chora hapo." Alisimama kitambo na kipande cha chokaa mkononi. Halafu akachora. Sanduku liliishia kwenye mstari ule, na tukakosa nafasi ya kilo mia na kitu za samaki kila safari. Mpaka leo huwa anaitaja hesabu hiyo wageni wakija.

Barafu tulikwenda kilo kwa kilo: kilo ya samaki, kilo ya barafu. Anayepunguza anajidanganya. Tuliichukua ya mapande, tukaifunga kwa magunia, tukaivunja kidogo kidogo kila samaki wakipanda, kwa kuwa barafu ya vipande vidogo hukumbatia samaki vizuri lakini haidumu, na pande hudumu lakini hugusa samaki sehemu moja tu. Nguru akipanda anatolewa damu papo hapo, anatumbuliwa, anatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya bahari na barafu, ndipo anaingia sandukuni, tumbo limejazwa barafu. Kwa mtindo huo tulitoka siku tatu tukafika siku nane. Gari la mnunuzi lilitufuata Somanga, lenyewe linaleta barafu na kuondoka na samaki, na chombo chetu kilikwenda kulipokea mara moja kwa wiki badala ya mara mbili.

Mtoto sasa. Wengi walinitisha kuhusu mtoto kuliko kuhusu bahari. Tulichukua jarife kuukuu, tukalikunja mara mbili, tukalizungushia sitaha nzima kwenye miti iliyopigiliwa ubavuni, urefu wa kifua cha mtu mzima. Chombo kikiwa kinakwenda, anafungwa kamba kiunoni isiyofika ukingoni. Hayo mawili yalifaa. Kilichokaribia kutuangamiza ni kile tulichokinunua dukani. Majaketi ya kuokolea tulipata ya watu wazima tu, kwa bei nzuri, tukasema mtoto tutamkaza mikanda. Siku moja Songo Songo, maji yamekupwa, bahari shwari, mume wangu akaingia naye mpaka kiunoni, kamvisha jaketi, akamwachia aone linavyomwinua. Jaketi likainuka kweli. Likapanda, likapita mabega, likapita masikio, na mtoto akateleza kwa chini kama pweza anavyotoka tenga. Kwa kitambo kidogo baba yake alikuwa amesimama na jaketi mkononi, mtoto yuko chini ya maji. Alimdaka kwa mkono. Mtoto akakohoa, akacheka, akataka tena. Mimi nilikaa mchangani, miguu haina nguvu. Jaketi la mtoto lina mkanda unaopita kati ya mapaja. Jioni ile nilishona mmoja kwa kitambaa cha tanga, na tulipopata la saizi yake tukamtia nalo majini kwanza, pale pale, kabla ya kuliamini.

Jiko halikunisumbua, kwani hapo wazee walikuwa wameshafikiri. Sanduku la bati lenye mchanga, jiko la mkaa ndani yake, limewekwa tezi, maana nanga ikiwa chini upepo unatoka omo, na cheche na moshi vinatoka nyuma. Walitushauri tununue mtungi wa gesi. Nilikataa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja inatafuta mlango, chomboni inashuka ngamani na kutulia kama maji, ila haifuliki kwa upo, inangoja tu mtu aguse swichi. Mkaa nao haukushuka chini ya sitaha hata siku ya mvua kubwa. Siku hizo tulikula makopa na nazi.

Kufua ndiyo adha. Sabuni ya kipande haitoi povu kwenye maji ya chumvi, ya maji ya kuoshea vyombo hutoa. Lakini nguo iliyofuliwa kwa maji ya bahari haikauki. Mchana utadhani imekauka, jioni chumvi inavuta umande na kanga inakugandia mwilini. Mtoto alitoka vidonda mapajani. Ikabidi mvua iwe na ratiba: dakika chache za mwanzo zinaosha turubai, zinazofuata zinaingia kwenye ndoo, na ndoo ya kwanza ni ya nguo za mtoto, hata kama nahodha ana kiu.

Mambo ya mashine muulizeni mume wangu. Ya sola ninayo mawili. Betri ya gari haikuundwa kunyonywa usiku kucha, yetu ilikufa kabla ya miezi miwili, nunua ile ya sola hata kama ni ghali. Na paneli, kivuli cha kamba moja tu kikiipita, umeme unaanguka vibaya. Tulipoihamisha kutoka chini ya foromali taa ya nanga ikawaka mpaka alfajiri.

Msimu wa tano tulichelewa kurudi. Aprili nguru walikuwa wanakula, mume wangu akasema wiki moja, kisha akasema tena wiki moja. Siku za mwanzo za Mei 2024 redio ikaanza: Mamlaka ya Hali ya Hewa inafuatilia mgandamizo mdogo mashariki ya pwani ya kusini. Kisha ikawa kimbunga, na kina jina, Hidaya. Pwani yetu haikuzoea vimbunga. Wazee wa Lindi hutaja ule wa 1952, wengine hatuna wa kuutaja.

Tuliingia mkono wa bahari nyuma ya Kilwa Kisiwani, ndani kabisa ya mikoko. Fundo likavutwa, turubai likashuka kwa kitambo cha kumeza mate. Foromali ikalazwa na kufungwa, uzio wa jarife ukatolewa, maana wavu nao hukamata upepo, madumu yote yakajazwa, yawe ya chumvi au matamu. Nanga mbili, na kamba nne kwenye mizizi ya mikoko, si kwenye matawi. Mimi na mtoto tulilala Masoko kwa mke wa mnunuzi. Mume wangu alikataa kutoka chomboni. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei, imeshapungua nguvu, lakini mvua yake haikupungua. Bati zilikuwa zinapiga kelele usiku kucha na mimi namhesabia kamba: nne, na nanga mbili. Upepo ulipolegea nilishuka pwani, nikamkuta amekaa juu ya sitaha, macho mekundu, anakula muhogo mbichi.

"Lilikuwaje?"

"Limekasirika usiku kucha," akasema. "Kila likilazwa linarudi upesi."

Siku zilizofuata bahari ilitoa samaki kama inatulipa fidia. Lakini barabara ya kwenda Dar ilikuwa imekatwa na maji pale Somanga. Gari haliji, maana yake barafu haiji na mnunuzi haji. Sandukuni tulikuwa na barafu ya siku mbili na nguru wa kuhitaji barafu ya siku kumi.

Nilikuwa na magunia mawili ya chumvi. Niliyanunua miaka miwili nyuma kwa kuwa yalikuwa rahisi, na kila msimu mume wangu alilalamika kwamba yanakula nafasi, tena upande wangu wa mstari. Nilikuwa nimeyafunika mkeka, mtoto akiyafanya kiti. Tuliwapasua nguru kwa mgongoni, tukawachanja, tukawalaza kwenye chumvi usiku na mchana, kisha jua lilipotoka tukawaanika. Lile jarife la uzio likawa uchanja, limekazwa kutoka ubavu hadi ubavu, na turubai liko tayari kila wingu likikaribia. Siku nne jahazi zima lilikuwa ng'onda. Kusi ilikuwa imeshashika. Tukatweka tanga, tukapanda nayo mpaka Pemba, na ng'onda wale waliuzwa siku moja. Mkwe wangu alichukua wawili, akawanusa, akaniuliza chumvi ya wapi. Habari ya jiko la mwanamke hakuitaja.

Sasa jahazi limepwelezwa, linatiwa kalafati na deheni. Mtoto ana miaka ya skuli, kwa hiyo kaskazi hii tutakwenda kwa hesabu nyingine. Jana mume wangu amerudi na mbao mbili za mvule, zimepigwa randa, futi sita kila moja, akaziegemeza nyuma ya banda ambapo alidhani sipiti. Nimemuuliza ni za nini. Za rafu ya madumu, anasema.

Nimekwenda kutafuta chokaa.